Kugeuza traki za ala kuwa sauti: Kinga ya nyimbo za studio za Eastlands

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, studio nyingi za muziki si majumba yenye kuta nene na vioo viwili. Ni chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, tarakilishi moja, kinanda kidogo, maikrofoni na magodoro yaliyoegemezwa ukutani ili kupunguza kelele za barabarani. Mdundo unaweza kutengenezewa Umoja, sauti za waimbaji zikarekodiwa Dandora, na kazi ya kuchanganya sauti ikakamilishwa Kayole au Buruburu. Wimbo husafiri ndani ya matatu, ukiwa kwenye flashi mfukoni mwa msanii.

Ni katika safari hiyo ambapo nyimbo nyingi hupotea. Msanii hufika studio ya pili, flashi ikachomekwa, mradi wa wimbo ukafunguliwa, na badala ya mdundo kukawa kimya. Traki zote zaonekana kwenye skrini na noti zimepangwa barabara, ila hakuna mlio. Flashi haina kosa, wala tarakilishi haijaharibika. Kilichobebwa ni maagizo ya muziki, wala si muziki wenyewe.

Dawa ya tatizo hili ni kazi ambayo maprodyuza huiita kubaunsi, yaani kugeuza traki ya ala kuwa faili ya sauti, pamoja na efekti zake au bila efekti hizo. Ni kazi ya dakika chache, lakini ndiyo inayoamua iwapo wimbo utaweza kuchanganywa upya, kuuzwa, kurudiwa au hata kusikika baada ya miaka kumi.

Noti si sauti

Traki zilizo ndani ya programu ya kutengenezea muziki ni za aina mbili. Ya kwanza ni traki ya sauti, ambayo ndani yake mna sauti halisi iliyorekodiwa, kama vile ya mwimbaji au gitaa. Ya pili ni traki ya ala, ambayo ndani yake hamna sauti yoyote. Ina maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, kisha iachilie wakati huu.

Maagizo hayo huandikwa kwa mfumo wa MIDI uliozinduliwa mwaka 1983, baada ya watengenezaji wa vinanda vya umeme, wakiwemo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, kukubaliana juu ya lugha moja ya mawasiliano kati ya ala. Katika lugha hiyo kila noti hupewa nambari kuanzia 0 hadi 127, na nguvu ya kuibonyeza hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Mfano wake ni karatasi ya nota ya kwaya: huonyesha kinachopaswa kuimbwa, lakini karatasi yenyewe haiimbi.

Anayeimba ni plagini, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu kubwa na kutoa mlio wa piano, besi, ngoma au sinthesaiza. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilianzisha mfumo wa plagini wa VST mwaka 1996, na mwaka 1999 mfumo huo ukapanuliwa ili uweze kubeba ala. Tangu hapo, tarakilishi moja iliweza kuchukua nafasi ya chumba kizima cha vinanda.

Tofauti ya aina hizi mbili huonekana katika ukubwa wa faili. Maagizo ya MIDI ya wimbo wa dakika nne aghalabu hayazidi kilobaiti chache au makumi machache. Sauti halisi ya traki moja ya wimbo huo, ikiwa ya pande mbili, yenye kina cha biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua megabaiti zipatazo 63. Wimbo wenye traki 20 za aina hiyo hupita gigabaiti moja. Ndiyo maana vijana wengi huona ni nafuu kubeba mradi peke yake. Unafuu huo una gharama, kwa kuwa tarakilishi isiyo na plagini ile ile, na pengine toleo lile lile, haiwezi kuutoa mlio ule ule.

Kutoka utepe hadi chumbani

Zamani tatizo hili halikuwapo. Studio za Nairobi za miaka ya sitini na sabini zilirekodi kwenye utepe wa sumaku, na aliyekuwa na utepe alikuwa na sauti yenyewe. Kubaunsi kulikuwapo, ila kwa sababu nyingine. Mashine zilikuwa na nafasi chache, hivyo mafundi walilazimika kuziunganisha traki kadhaa na kuzinakili kwenye traki moja au mbili ili wapate nafasi ya kurekodi zaidi. Kundi la Beatles la Uingereza lilitengeneza albamu yake ya 1967, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, kwa njia hiyo, likitumia mashine za traki nne. Kila muungano ulikuwa uamuzi usiorudishwa nyuma.

Katika Eastlands, mabadiliko makubwa yalikuja tarakilishi ziliposhuka bei. Mwishoni mwa miaka ya tisini kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilivuma kwa wimbo Tafsiri Hii, na K-South wakalibeba jina la mtaa wao wa Kariobangi South. Mwaka 2000 prodyuza Clemo na msanii Jua Cali walianzisha Calif Records katika mtaa wa California, karibu na Eastleigh. Studio hiyo ndiyo iliyoueneza mtindo wa genge, neno linalomaanisha kundi la watu. Mwaka 2004 wanahip hop wa Eastlands walishiriki katika albamu ya Kilio cha Haki. Kizazi kilichofuata kilipata umaarufu mwaka 2018, pale kundi la Ethic kutoka Umoja lilipotoa Lamba Lolo na kufungua njia ya mtindo wa gengetone.

Miongoni mwa programu zilizorahisisha kazi ya chumbani ni FruityLoops ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ambayo jina lake lilibadilishwa mwaka 2003 kuwa FL Studio. Programu hii ina sharti ambalo kila anayeanza anapaswa kulijua. Toleo lake la majaribio humruhusu mtumiaji kuhifadhi mradi na kutoa faili ya sauti, lakini mradi huo haufunguki tena kikamilifu hadi programu inunuliwe. Kwa kijana ambaye hajainunua, faili za sauti alizotoa siku ile ndiyo mali pekee inayosalia mkononi mwake.

Njia tatu za kugeuza

Njia ya kwanza ni kugandisha. Programu huiandika traki kuwa sauti kwa muda, kisha huipumzisha plagini ili tarakilishi ipate nguvu ya kufanya kazi nyingine. Traki ikihitaji marekebisho, huyeyushwa na kurudi ilivyokuwa. Njia hii yafaa kwa tarakilishi kuukuu inayokwama mradi unapokuwa mzito. Hata hivyo, si njia ya kuhifadhia wimbo, kwa sababu sauti iliyogandishwa bado ni sehemu ya mradi ule ule.

Njia ya pili ni kugeuza papo hapo. Programu huunda traki mpya ya sauti kando ya ile ya ala, na ile ya awali hunyamazishwa au kufichwa. Katika Cubase amri yake huitwa Render in Place, na katika Logic Pro ni Bounce in Place. Pro Tools ina Commit, nayo Ableton Live hugandisha kwanza kwa Freeze kisha hukamilisha kwa Flatten. Mtumiaji wa FL Studio hupata kazi hiyo katika amri ya Consolidate kwenye orodha ya traki. Majina yatofautiana ila kazi ni moja.

Njia ya tatu ni kutoa stemu. Hapa mradi mzima huandikwa kwa mkupuo kuwa faili nyingi, moja kwa kila traki au kundi la traki, zote zikianza pamoja na kumalizika pamoja. Faili hizi ndizo hupelekwa kwa mchanganyaji wa sauti, kwa msanii anayetaka kuurudia wimbo, au kwa mnunuzi wa mdundo. Studio yoyote duniani inaweza kuzifungua, hata kama haina plagini moja iliyotumika.

Efekti zipi zibaki?

Swali gumu kuliko yote ni iwapo traki igeuzwe pamoja na efekti zake. Efekti ni madoido yanayoongezwa juu ya mlio: mwangwi, marudio ya sauti, kompresa inayosawazisha nguvu, au kichujio kinachopunguza sauti nyembamba au nzito. Faili ikishaandikwa na efekti, hizo haziondoki tena, kama vile chumvi isivyotoka kwenye mchuzi.

Jibu hutegemea kazi ya efekti yenyewe. Ziko efekti ambazo ni sehemu ya ala. Besi iliyokwaruzwa makusudi, au sinthesaiza ambayo kichujio chake hufunguka na kufunga kwa mapigo ya wimbo, haina utambulisho bila madoido yake. Efekti hizi hubakizwa. Ziko nyingine ambazo kazi yake ni kuiweka ala mahali pake ndani ya wimbo, kama vile mwangwi wa ukumbi au kitelezi cha ukubwa wa sauti. Hizi ni bora aachiwe mchanganyaji, kwani mwangwi uliopendeza kwenye vipokea sauti vya masikioni unaweza kuufunika wimbo mzima ukipigwa kwenye spika za matatu.

Maprodyuza waangalifu hutoa nakala mbili: moja kavu isiyo na efekti, na nyingine yenye efekti. Nakala kavu humpa mchanganyaji uhuru, nayo yenye efekti humwonyesha mtunzi alikusudia nini. Kwa sauti ya mwimbaji nakala kavu ni ya lazima, hasa pale ambapo programu ya kunyoosha noti imetumika, maana mrekebishaji akizidisha hakuna pengine pa kurejea.

Lazima pia kujua efekti imekaa wapi. Iliyowekwa ndani ya chaneli ya ala huandikwa pamoja na traki. Iliyowekwa kwenye chaneli ya pembeni, ambako ala kadhaa hutuma sehemu ya sauti yao ili zishiriki mwangwi mmoja, inaweza kuachwa nje bila mtu kutambua. Katika Cubase, kwa mfano, mtumiaji huchagua kati ya traki kavu, traki na mipangilio ya chaneli yake, njia nzima ya sauti, au njia nzima pamoja na efekti za chaneli kuu. Mwangwi wa pamoja hutolewa vyema kama stemu yake yenyewe.

Kuhusu efekti za chaneli kuu, kanuni ni kuzizima kabla ya kutoa stemu. Kizuizi cha kilele kilichowekwa mwisho wa njia hufanya kazi kwa kuangalia ala zote kwa pamoja. Kila traki ikipitishwa humo peke yake, kizuizi hicho hutenda tofauti, na faili zikikutanishwa tena haziwezi kuurudisha wimbo ulivyokuwa.

Hatua kwa hatua

Kwanza, mradi huhifadhiwa kwa jina jipya, ili ule wa awali usiguswe. Traki ya ala haifutwi, hunyamazishwa tu.

Pili, hukaguliwa kiwango cha kila chaneli. Kipimo kikigonga kilele, kiwango hupunguzwa. Faili ya biti 24 iliyopita kilele hupasuka moja kwa moja, na kupunguza ukubwa wa sauti baadaye hakuiponyi. Faili ya biti 32 za nukta inayoelea huvumilia kosa hilo, ingawa huchukua nafasi zaidi kwenye diski.

Tatu, faili zote huanzia mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama ala husikika dakika ya pili. Kimya cha mwanzoni ndicho kinachozifanya faili zote zilingane zikipangwa kwenye studio nyingine.

Nne, mwisho wa eneo la kutolewa husogezwa mbele kwa sekunde kadhaa baada ya noti ya mwisho. Mwangwi na marudio huendelea kulia baada ya kidole kuachilia kinanda, na eneo likikatwa mapema mkia huo hukatika ghafla.

Tano, huchaguliwa faili ya WAV, aina iliyoanzishwa na kampuni za Microsoft na IBM mwaka 1991, ambayo haipotezi chochote. MP3 yafaa kumsikilizisha rafiki, lakini haifai kuchanganyia, kwa kuwa imeondoa sehemu ya sauti ili kupunguza ukubwa wa faili.

Sita, jina la faili hubeba habari: jina la wimbo, ala, kasi ya mapigo kwa dakika, ufunguo, na iwapo ni kavu au ina efekti. Faili iitwayo “Audio 14” haimwambii mtu lolote baada ya mwaka mmoja.

Makosa ya mara kwa mara

Kosa la kwanza ni kurudia efekti. Prodyuza huigeuza traki pamoja na kompresa na mwangwi, kisha huiweka faili mpya kwenye chaneli ile ile ambayo efekti hizo bado zinafanya kazi. Wimbo huwa kama unaolia ndani ya pipa. Faili iliyobeba efekti yapaswa kuwekwa kwenye chaneli tupu.

La pili ni kuchanganya kasi ya sampuli. Faili yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, ikisomwa kama yenye 48,000 bila kubadilishwa, huenda mbio kwa karibu asilimia 9 na kupanda kwa takriban nusutoni moja na nusu. Mwimbaji aliyezoea ufunguo wake hushangaa sauti yake kumkataa.

La tatu huhusu besi na kiki, ile ngoma kubwa ya mapigo. Katika midundo mingi kompresa ya besi husikiliza kiki, ili besi iiname kila kiki inapogonga. Kiki ikinyamazishwa wakati besi inageuzwa peke yake, mara nyingine kuinama huko hutoweka, na zikirudishwa pamoja zinagongana.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Stemu zote hupangwa kwenye mradi mpya mtupu, vitelezi vikiwa sifuri, kisha mchanganyiko wa awali uliotolewa bila efekti za chaneli kuu huwekwa kando yake huku wimbi lake likiwa limegeuzwa juu chini. Vikichezwa pamoja vinapaswa kufutana na kuacha kimya. Kinachosikika ndicho kilichosahauliwa. Ala zenye mlio unaobadilika kwa bahati nasibu hazifutani kabisa, kwa hiyo hizo hukaguliwa kwa sikio.

Mwenye sauti ni nani?

Jambo hili lina upande wa kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya muziki iliyoandikwa, iliyorekodiwa au iliyowekwa katika umbo la kudumu. Wazo lililo kichwani halilindwi. Kwa rekodi ya sauti, sheria humtambua kuwa mwenye kazi yule aliyefanya mipango ya kurekodi, na ulinzi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao rekodi ilifanywa.

Studio za mitaani huendeshwa kwa kuaminiana. Mmoja ana tarakilishi, wa pili ana mdundo, wa tatu analipa, wa nne anaimba. Wimbo ukivuma, kila mmoja anaweza kudai kuwa ndiye aliyefanya mipango. Sheria hiyo hiyo yasema kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu pasipo maandishi yaliyotiwa saini na anayehamisha au kwa niaba yake. Kwa hiyo msanii anayelipia mdundo na kupewa faili moja ya MP3, bila stemu na bila karatasi, amepata kitu cha kuimbia tu. Makubaliano ya busara hutaja faili zitakazokabidhiwa, nani ataweka nakala, na mgao wa mapato. Aidha, kazi inaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Stima ikipotea usiku, kazi isiyohifadhiwa hupotea nayo, lakini faili ya sauti iliyokwisha andikwa hubaki kwenye diski. Plagini ikiacha kuuzwa, au tarakilishi ikiibwa, stemu zilizo kwenye diski ya pili nyumbani kwa jamaa bado zitalia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa prodyuza wa Eastlands, daftari hilo ni folda yenye faili za WAV zenye majina kamili, iliyotengenezwa siku ile ile wimbo ulipokamilika na kunakiliwa mahali pawili.